Macho ya Vijana Wetu: Tiba ya Nusu Saa na Tiba ya Dakika Chache



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya tumeutoa wote kwa suala moja, kwa sababu mwenye kuuliza ana haraka, na ana haki ya kuwa nayo. Ni mzazi wa hapa hapa Songea. Mwanawe ana miaka 14. Alikuwa akisoma Kurani vizuri hadi mwaka juzi, kisha akaanza kuusogeza msahafu karibu na pua. Akanunuliwa miwani, miezi sita haikupita ikawa haimfai. Akanunuliwa ya pili, nayo ikawa vivyo hivyo. Usiku wa kuandama mwezi wenzake waliuona mmoja, yeye akasema uko na wa pili chini yake, watoto wakamcheka. Shangazi yake akasema ni husuda. Mwishowe alipelekwa Dar es Salaam, akapimwa kwa mashine, na daktari akasema kwamba konea za macho yake zinachongoka. Maradhi yenyewe yaitwa keratokonasi, na tiba yake ni kuzikaza konea kwa matone na mwanga.

Akaambiwa pia kwamba kazi hiyo ina njia mbili: moja mwanga hukaa juu ya jicho kwa nusu saa, na nyingine kwa dakika chache tu. Baba anatuuliza mambo matatu. Je, hii ya haraka ni salama, na yafaa kama ile ya polepole? Je, kijana aweza kungoja mpaka amalize Kidato cha Nne, kwa kuwa sasa yuko Kidato cha Kwanza na safari ina gharama? Na sala na saumu zitakuwaje katika siku za tiba?

Tutaanza na la pili, kwa sababu ndilo zito kuliko yote, ingawa yeye mwenyewe ameliweka katikati kama jambo dogo.

Konea ni kile kioo angavu kilicho mbele ya jicho, ambacho kwacho mwanga huingia. Unene wake katikati ni zaidi kidogo ya nusu milimita. Umbo lake kwa mtu mzima wa afya ni kama sehemu ya mpira, laini na mviringo. Nguvu yake yatokana na nyuzi za kolajeni zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kushikamana zenyewe kwa zenyewe. Katika keratokonasi mshikamano huo hulegea. Konea hupungua unene, hubonyea mbele na kuwa mfano wa pia, na kwa hivyo mwanga hutawanyika badala ya kukusanyika mahali pamoja. Hapo ndipo mtu huona taa moja kuwa na mikia, na mwezi kuwa na nduguye. Maradhi haya si mageni: tabibu John Nottingham wa Liverpool aliyaandikia kitabu kizima mwaka 1854. Tiba ya kuyasimamisha ndiyo mpya.

Aghalabu maradhi huanza katika umri wa kubaleghe, huendelea kwa miaka kumi au ishirini, kisha hutulia yenyewe mtu anapokaribia miaka 40. Mtu akisikia hivyo huweza kusema, basi na tungoje, yatatulia. Walakini yanapotulia, konea haibaki ilivyokuwa. Hubaki mahali ilipofika. Na kwa watoto hukimbia kuliko kwa watu wazima.

Huko Uingereza yalifanywa majaribio juu ya vijana 60 wa miaka 10 hadi 16 wenye maradhi haya, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Nusu yao walifanyiwa tiba ya mwanga, na nusu wakapewa miwani na lenzi na kuangaliwa tu. Baada ya miezi 18, katika wale waliotibiwa maradhi yalikuwa yamesonga mbele kwa vijana 7 katika kila 100. Katika wale waliongojewa yalisonga kwa 43 katika kila 100. Hiyo ni miezi 18 tu. Toka Kidato cha Kwanza hadi mtihani wa Kidato cha Nne ni karibu miezi 48.

Basi jibu letu kwa ndugu yetu ni kwamba asingoje. Ikiwa mashine imekwisha kuonyesha kwamba konea za kijana zinasogea, kila mwezi unaopita ni mwezi wa hasara, na tiba hii haiwezi kurudisha kilichokwenda. Jambo hili lieleweke vizuri, kwa maana wazazi wengi huvunjika moyo baadaye wakidhani wamedanganywa. Tiba ya mwanga husimamisha. Mara nyingine huiteremsha konea kidogo, na hilo tulihesabu kuwa ni ziada. Kijana ataendelea kuhitaji miwani, au lenzi ngumu za kuvaa machoni, ambazo katika vumbi letu jekundu la miezi ya kiangazi zina taabu yake. Yule aliyechelewa mno, konea ikaingia kovu, hana njia ila kubadilishiwa konea kwa ile ya maiti. Wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Kiislamu waliokutana Jidda mwaka 1988 walilitazama jambo la kupandikiza viungo na kuliruhusu kwa masharti yake, kwa hivyo upande wa sheria mlango upo. Ama upande wa dunia, konea za kupandikiza ni chache, na jicho lililopandikizwa lahitaji daktari wa karibu maisha yote. Mtu wa Songea hana daktari huyo karibu.

Sasa tuje kwenye nusu saa na dakika chache.

Tiba hii ilibuniwa katika mji wa Dresden, Ujerumani, na madaktari Wollensak, Spoerl na Seiler waliitangaza mwaka 2003 baada ya kuwatibu wagonjwa 22, macho 23. Katika macho yote hayo maradhi yalisimama. Namna yake ni hii. Mgonjwa hulala chali akiwa macho, jicho likiwa limetiwa matone ya ganzi. Daktari hukwangua ngozi nyembamba ya juu ya konea, upana wa milimita 7 hadi 9. Kisha kwa nusu saa hutiwa matone ya manjano ya riboflavini, ambayo si kitu kigeni. Ni vitamini B2, ile ile iliyomo katika maziwa, mayai na maini. Konea ikisha kulowa, huwashwa taa ya mionzi ya urujuanimno juu ya jicho. Mionzi hiyo ikikutana na riboflavini, pamoja na oksijeni iliyomo ndani ya konea, hufunga vifundo vipya baina ya nyuzi za kolajeni, na konea ikawa ngumu zaidi. Katika njia ya Dresden taa ina nguvu ya miliwati 3 kwa kila sentimita mraba, nayo hukaa dakika 30.

Kwa mgonjwa mmoja kazi nzima ni saa moja na zaidi. Mtoto kulala bila ya kutikisika muda huo ni shida, na hospitali yenye foleni ndefu hutibu watu wachache kwa siku. Wataalamu wakafikiri: kama nguvu ikizidishwa mara tatu, si muda utapungua mara tatu? Kuna kanuni ya zamani ya elimu ya mwanga, iliyotolewa na Bunsen na Roscoe katika karne ya 19, isemayo kwamba athari ya mwanga hufuata jumla yake: nguvu ikizidishwa kwa muda. Hesabu yake kila mwanafunzi aweza kuifanya. Miliwati 3 kwa dakika 30 ni 90. Miliwati 9 kwa dakika 10 ni 90. Miliwati 18 kwa dakika 5 ni 90. Miliwati 30 kwa dakika 3 ni 90 pia. Basi kwa karatasi zote ni sawa.

Walakini jicho si karatasi. Tumesema kwamba oksijeni ni sehemu ya kazi hii. Mwaka 2013 wataalamu walijaribu kuifanya tiba mahali pasipo na oksijeni, na konea hazikukazika. Oksijeni ya konea hutoka hewani na kupenya polepole. Taa ikiwa ya wastani, oksijeni huliwa na nyingine huja kuchukua nafasi yake. Taa ikiwa kali mno, ile iliyomo huisha mara moja, na mpya haijawahi kufika. Dakika zinazobaki taa huwaka bure. Mama wa nyumba analijua jambo hili bila ya kusoma elimu ya mwanga: mandazi yakitiwa katika mafuta yenye moto mkali huwa mekundu upesi nje, na ndani ni unga mbichi. Ndivyo ilivyo konea. Madaktari wanapoitazama baada ya mwezi huona mstari unaoonyesha kina kilichofikiwa na tiba, na katika njia za haraka mstari huo aghalabu huwa juu zaidi kuliko katika njia ya Dresden.

Mwaka 2014 yalitangazwa majaribio ya maabara huko Uswisi, yaliyopima ugumu wa konea baada ya kila njia. (Yalifanywa juu ya macho ya nguruwe, nasi twaisimulia khabari kama ilivyo.) Miliwati 3 kwa dakika 30 zilikaza kuliko zote. Miliwati 9 kwa dakika 10 zilikaza, lakini kwa upungufu. Miliwati 18 kwa dakika 5 hazikuonyesha tofauti ya maana na konea ambazo hazikutibiwa.

Je, na kwa wanadamu walio hai? Hapa khabari ni nzuri kuliko ile ya maabara. Tafiti nyingi zimezilinganisha njia hizi kwa mwaka mmoja au zaidi, na kwa jumla zimeona kwamba njia za haraka nazo huyasimamisha maradhi kwa wagonjwa walio wengi. Tofauti iliyoonekana ni kwamba ile ya polepole huelekea kuiteremsha konea zaidi kidogo. Na wale vijana wa Uingereza tuliowataja, ambao 7 tu katika 100 walisonga mbele, hawakutibiwa kwa taa ya miliwati 3. Ilikuwa taa ya miliwati 10. Hospitali ya macho ya Moorfields, London, imewatibu mamia kwa taa ya miliwati 30, lakini hapana pupa ndani yake: taa huwaka sekunde moja na nusu, ikazimika sekunde moja na nusu, ili oksijeni ipate kurudi, na jumla ya mwanga huongezwa. Kwa hivyo dakika 3 zikawa dakika 8. Wapo pia wanaompa mgonjwa oksijeni ya ziada machoni kwa miwani maalumu. Utaona basi kwamba wenye kuharakisha wenyewe wamelazimika kupunguza haraka yao.

Ile ya nusu saa ina fadhila moja ambayo nyingine hazijaipata bado, nayo ni umri. Macho 34 yaliyotibiwa huko Dresden yalifuatwa kwa miaka 10, na mawili tu ndiyo yaliyohitaji kurudiwa. Marekani ilipoipa tiba hii ruhusa mwezi wa Aprili 2016, iliyopewa ruhusa ilikuwa ile ile ya miliwati 3 kwa dakika 30.

Rai yetu, na sisi si madaktari wa kijana huyu, ni hivi. Dakika 30 na dakika 10 zote mbili zina ushahidi wa kutegemewa, na mzazi asipoteze usingizi juu ya kuchagua baina yao. Dakika 5 au 3 za mfululizo, bila ya kuwashwa na kuzimwa na bila ya kuongezwa mwanga, hizo aziulizie vizuri kabla ya kukubali, hasa kwa mtoto ambaye maradhi yake yanakimbia. Na ikiwa mashine iliyoko ni ya dakika 10, asimrudishe kijana nyumbani akae mwaka akitafuta ile ya nusu saa. Kungoja huko ndiko kutakakomdhuru. Kuna na njia nyingine ambayo ngozi ya konea haikwanguliwi. Maumivu yake ni machache zaidi, na kwa hivyo hupendwa, lakini riboflavini na oksijeni hupita kwa taabu, na kwa ushahidi wa miaka mingi haijailingana ile ya kukwangua.

Maswali ya kumuuliza daktari ni haya, na hapana daktari mwema atakayekasirika: Taa yako ni miliwati ngapi na kwa dakika ngapi? Unakwangua ngozi au hukwangui? Konea ya mwanangu ina unene gani mahali palipo pembamba kabisa? Hili la mwisho ndilo la usalama. Chini ya konea, upande wa ndani, kuna utando mwembamba wa chembe ambazo zikifa hazioti tena. Kwa kawaida konea inatakiwa isiwe chini ya mikroni 400 baada ya ngozi kukwanguliwa, ili mwanga uishie katika konea na usiufikie utando huo. Ikiwa ni nyembamba kuliko hapo ziko hila za kitabibu, lakini lazima daktari azifanye kwa makusudi, si kwa bahati. Na kabla ya kukata tiketi ya basi, ipigwe simu kwanza iulizwe kama mashine inafanya kazi na daktari wake yupo. Nauli ya watu wawili kutoka Songea hadi Dar es Salaam si mchezo.

Madhara yapo, na ni haki yenu kuyajua. Katika hesabu moja ya macho 117, iliyotangazwa mwaka 2009, karibu 3 katika kila 100 yalipungukiwa na uwezo wa kuona baada ya tiba, na katika 7 au 8 maradhi yaliendelea juu ya kutibiwa. Waliodhurika zaidi walikuwa wenye umri uliozidi miaka 35, na walioshindwa kutulia walikuwa wale ambao konea zao zilikwisha kuchongoka sana. Hii ni hoja nyingine ya kutochelewa. Ukungu mwepesi katika konea ni wa kawaida, na aghalabu husafika baada ya miezi. Linaloogopwa ni jeraha kuingia wadudu, kwa sababu konea iliyokwanguliwa ni kidonda wazi kwa siku kadhaa. Kijana atavishwa lenzi laini ya kufunikia, atapewa matone ya kuzuia wadudu, na siku mbili tatu za mwanzo atakuwa na maumivu makali, machozi na kuchukia mwanga. Tunalisema hili kwa sababu watu hutishika na kudhani tiba imeharibika. Maumivu yanayopungua kila siku ni ya kawaida. Maumivu yanayozidi baada ya kupungua, na jicho kuwa jekundu na kutoa usaha, hayo ni ya kumrudisha hospitali siku ile ile.

Kwa hivyo watu wa mikoa ya mbali kama sisi tuna sharti moja ambalo watu wa Dar es Salaam hawana. Msipande basi la kurudi kesho yake. Safari yetu ni zaidi ya kilomita 900, kupitia Morogoro, Iringa na Njombe, madirisha wazi, vumbi na upepo usoni, na kijana anasinzia na kujifuta macho kwa mkono ulioshika kila kitu. Kaeni kwa jamaa mpaka daktari aone kwamba ngozi imefunga na aiondoe ile lenzi, jambo ambalo kwa kawaida huchukua siku kama 5 hadi 7. Kama hamna jamaa, hesabuni siku hizo katika gharama tangu mwanzo. Na nyumbani mtakapofika, jicho lisitiwe kitu ila alichoandika daktari. Asali ni shifaa na hapana Muislamu anayekataa, lakini asali ya chupa iliyoshikwa na mikono ya watu kumi si ya kutiwa katika kidonda cha jicho. Wala maziwa ya mama, wala maji ya majani, wala wanja.

Tumebakiwa na jambo ambalo mzazi huyu hakuliuliza, nasi twaona lingefaa liwe la kwanza kwa wazazi wengine wote. Kwa nini konea ilichongoka? Sehemu ni ya nasaba: maradhi huandama baadhi ya koo, na tafiti zimeona kwamba huzidi kwa watoto ambao wazazi wao ni jamaa wa damu. Sheria yetu imeruhusu kuoana mabinamu, wala hatusemi neno juu ya alichoruhusu Mwenyezi Mungu. Twasema tu kwamba mmoja katika ukoo akiwa na maradhi haya, ndugu zake na binamu zake wapimwe. Sehemu nyingine, na hii iko mikononi mwetu, ni kufikicha macho. Mtoto mwenye mzio, macho yakimwasha asubuhi na jioni, huyasugua kwa vifundo vya vidole kwa nguvu, na kila msuguo huilegeza konea ambayo tayari ni dhaifu. Huko Rwanda, watoto wa shule wapatao 4 katika kila 100 walionekana kuwa na mzio ule mkali wa macho unaowashika watoto wa nchi za joto. Huko Riyadh, vijana 522 waliokwenda hospitali kwa mambo yasiyohusu macho walipimwa konea, na matokeo yakatangazwa mwaka 2018: takriban 1 katika kila 21 alikuwa na keratokonasi, na wengi hawakujua. Vitabu vya zamani vilivyofuata hesabu ya Minnesota, Marekani, ya mwaka 1986 vilisema ni watu 54 au 55 katika kila 100,000. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba mashine za siku hizi huona kilichofichika, lakini si yote.

Basi ukimwona mwanao anafikicha macho, usimpigie kelele tu. Muwasho ni maradhi na una dawa. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, akiwekewa juu ya kope zilizofumbwa, hupunguza. Mpeleke kitengo cha macho cha hospitali ya mkoa apewe matone ya mzio. Wala usiende duka la dawa ukanunua mwenyewe matone ya deksamethasoni kwa sababu mtoto wa jirani yalimponya mara moja. Ni kweli huponya muwasho siku mbili. Yakitumiwa miezi bila ya kuangaliwa huongeza presha ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na presha hiyo huua mshipa wa kuonea kimya kimya. Katika mambo yote yaliyo katika ukurasa huu, hili ndilo tunaloliona kwa macho yetu mara nyingi zaidi. Na yule kijana wa miaka 14, hata akitibiwa kwa taa iliyo bora duniani, akirudi kufikicha atairudisha konea ilikokuwa ikienda.

Ama husuda ya shangazi, hatumkatazi kumsomea mtoto. Amsomee, na apelekwe.

Sasa la ibada, nalo ni jepesi kuliko alivyolihofia. Kwa saumu: katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kinachotiwa jichoni hakifunguzi, hata kama ladha yake itasikika kooni, kwa sababu jicho si tundu la kuingilia tumboni. Baraza la Fiqhi la Jidda nalo liliamua mwaka 1997 kwamba matone ya macho hayabatilishi saumu. Basi asiache matone ya kuzuia wadudu kwa sababu ya Ramadhani. Akiyaacha atakuwa amehatarisha jicho pasipo kupata thawabu ya ziada. Akihitaji vidonge vya maumivu siku za mwanzo, huyo ni mgonjwa, na mgonjwa amepewa ruhusa ya kula na kulipa.

Kwa udhu: maji yasiingie katika jicho lililotibiwa mpaka daktari aruhusu. Kuosha ndani ya jicho si sehemu ya udhu tangu asili. Aoshe sehemu ya uso anayoweza kuiosha pasipo maji kuchuruzika jichoni, na pale asipoweza ipo ruhusa ya kutayamamu, kwa mpango ambao sheikh wake atamwonyesha kabla ya safari, si baada. Tunaongeza tahadhari moja: mwenye kutayamamu aache kile kifuniko cha plastiki juu ya jicho lake, kwa kuwa vumbi ni adui wa kidonda hicho kama maji, au zaidi. Na baada ya kupona, katika udhu wa kila siku, ayapitishe maji juu ya kope kwa upole. Tumewaona watoto katika birika za misikiti wakisugua macho kama wanaosugua sufuria, na walimu wa chuoni tunawaomba walitazame hilo wanapofundisha udhu.

Jicho la pili la kijana litibiwe kwa wakati wake. Mara nyingi hufanywa moja kwanza, na la pili baada ya wiki kadhaa, ili asikose kuona kabisa. Miezi ya mwanzo baada ya tiba asishangae kuona vibaya kuliko kabla, wala asinunuliwe miwani mpya mapema, kwa sababu konea bado inabadilika. Atahitaji kupimwa tena kwa mashine ile ile inayochora ramani ya konea, baada ya miezi 6 na mwaka, kisha kila mwaka mpaka avuke ujana. Kila ramani baba aombe nakala yake na aitie katika bahasha pamoja na vyeti vya kijana. Daktari mwingine akiletewa ramani ya leo peke yake hawezi kujua kama konea imesogea au imetulia.